Mkono wa Mwalimu Mafabi

Mafubira, Jinja
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Zamzam binti yangu,

Nakusikia chumba cha pili ukipiga pasi, na mama yako akikueleza tena habari za baridi ya Nairobi na mahali pa kuweka paspoti mkifika mpakani. Hayo namwachia yeye, anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa wiki tatu nzima, tangu uliponipa mswada wako niusome. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu haukunipendeza. Mara mbili ulinikuta nimeushika ukaniuliza kama ni mbaya sana, nikakujibu kwamba macho yananisumbua.

Si macho. Mswada wako ni mzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na ndiyo maana siwezi kukuacha uupeleke kwa mchapishaji kama ulivyo. Sura ya saba ina uongo ndani yake. Uongo huo si wako. Ni wangu, na uliuchukua kwenye kitabu changu bila kujua.

Umekuwa ukiniuliza tangu utotoni kwa nini mtu aliyetoa kitabu kikasomwa redioni hakuandika kingine. Siku zote nimekujibu kwamba kazi ya kiwandani ilinichosha. Leo nakujibu sawasawa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipochukuliwa kufanya kazi katika kambi ya jeshi kule Mbale. Nasema nilichukuliwa, lakini nilikwenda kwa miguu yangu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya taipu hapa Jinja, na ofisa mmoja alipita chuoni akitafuta kijana anayejua mashine, Kiswahili, na ikiwezekana Kimasaba. Bibi yako mzaa baba alikuwa mtu wa Mbale, kwa hiyo Kimasaba nilikinyonya kwake. Nilipewa chumba, sare isiyo na cheo, na sukari, wakati watu mjini walikuwa wakinywa chai ya chumvi. Nikajiona nimebahatika.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa maelezo ya watu waliokamatwa. Mtu aliletwa, na Afande aliyekuwa mkuu wa ofisi ile akanisomea maelezo yake kabla mtu mwenyewe hajafungua mdomo. Nikachapa. Kisha mtu akapigwa mpaka akubali kwamba hayo ndiyo maneno yake. Nilijifunza kuchapa huku mtu analia, bila kukosea herufi. Nilijifunza kuinua miguu yangu sakafu inapomwagiwa maji ya kuosha damu, kisha kuishusha na kuendelea. Saa ya chakula ilipofika nilikula nikashiba. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nataka ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku walipomleta Mwalimu Mafabi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Busiu, mrefu, mwembamba, bado amevaa shati lake jeupe la kazini lenye vumbi la chaki mfukoni. Walimshutumu kwamba anawavusha watu kwenda Kenya kwa njia za mashambani. Ilikuwa kweli, alikuwa akiwavusha. Mwenyewe alikuja kuniambia baadaye. Karatasi niliyoichapa ilikuwa na majina ya walimu wenzake wanne, na Afande alitaka aitie sahihi. Akasema watu hao hawajui.

Mpigaji wa ofisi ile alikuwa Koplo Aluma, kijana wa umri wangu, mwenye kovu kubwa kidevuni na asiyependa maneno. Alimpiga mwalimu kwa kiboko mgongoni na kwenye nyayo mpaka lile shati likashikana na ngozi. Mwalimu alipoanguka alimwinua akampiga tena. Jino moja lilitoka likateleza mpaka chini ya meza yangu. Mwisho Aluma akasimama, anahema, akamwambia mkubwa wake, “Afande, huyu mtu itakufa. Ikikufa hapana weka sahihi.” Sijui kama alisema hivyo kwa huruma au kwa kuchoka. Lakini alisema.

Afande akanigeukia mimi.

“Wewe karani,” aliniambia, “unakula sukari ya serikali bure. Kuja hapa. Piga yeye mkono, mara moja tu.”

Mlango wa ofisi ile ulikuwa ukikingwa kwa nondo. Akanionyesha niichukue. Aluma akaushika mkono wa kulia wa mwalimu akaulaza juu ya meza, kando ya taipureta yangu. Nikapiga mara moja, kama nilivyoambiwa. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia chuma kikigonga meza. Mwalimu hakupiga kelele. Alinitazama usoni, akaniuliza kwa Kimasaba, taratibu, kama anavyouliza mtu mliyekutana njiani, mimi ni mtoto wa nani.

Afande akasema, “Basi.”

Alisema basi, Zamzam. Nilimsikia vizuri. Nami nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu na ya nne. Vidole vilipasuka, kucha ikang'oka ikabaki imening'inia, damu ikarukia karatasi iliyokuwa ndani ya mashine na shingoni mwangu. Nilikuwa nimeinua nondo kwa mara ya tano Aluma aliponikamata kiwiko na kunisukuma ukutani. “Karani,” alisema, “imetosha.”

Nimetafuta kwa miaka mingi sababu ya yale mapigo matatu ya mwisho. Lile la kwanza lilitokana na hofu, na mwenye huruma anaweza kunisamehe. Mengine niliyapiga kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake yeye: kwa nini hakusaini upesi, kwa nini aniulize swali lile, kwa nini anifanye nisimame pale na nondo mkononi. Mtu unayemuumiza bila sababu utamchukia ili upate sababu. Hilo sikulisoma mahali popote.

Mwalimu akaweka alama ya dole gumba la kushoto, wakamburuta nje. Karatasi ilikuwa imechafuka, kwa hiyo Afande akaniamuru niichape upya. Nikaichapa upya.

Miezi michache baadaye Watanzania waliokuja kuing'oa serikali ile walivuka Jinja, na habari zilipofika Mbale kambi ilivunjika kwa siku mbili. Afande aliondoka na gari lililojaa magodoro. Koplo Aluma alielekea kaskazini na wenzake kwa miguu. Mimi nilivua sare nikaitupa chooni, nikashika barabara ya Tororo nikitaka kuzunguka nirudi nyumbani. Pale senta ya Busiu watu walikuwa wameweka magogo barabarani, wanawasaka askari waliovaa kiraia. Niliona watatu wamelala kando ya lami. Mmoja wao, jiwe lililompasua kichwa lilikuwa bado limekaa juu yake, na kuku anadonoa karibu na sikio. Ukiulizwa ukajibu kwa Kiswahili, lugha ya jeshi, ulikuwa umekwisha. Mimi nilijibu kwa Kimasaba, na ningepita, ila mwanamke mmoja akasema ameniona kambini.

Wakanipiga kwa mipini ya majembe na michi ya kutwangia. Mbavu mbili zilivunjika. Hapa ninapokaa, nikivuta pumzi ndefu, bado nazisikia. Nikalia kwamba mimi ni karani tu, na kwamba sijapata kumpiga mtu maishani mwangu. Nilirudia, karani tu, karani tu, mpaka mzee mmoja akasema niachwe, karani kazi yake ni kuandika. Nilitambaa kwenye migomba, nikakaa humo siku nzima nikitapika damu. Uongo ule ulinitoa mikononi mwa watu waliokuwa na haki ya kuniua, na tangu siku hiyo niliupenda.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nilipomwoa mama yako, nilipopata kazi ya kutunza stoo kwenye kiwanda cha nguo, na ulipozaliwa wewe. Serikali zilipinduana, risasi zikalia tena na tena, kisha kukatulia. Watu walianza kupaka nyumba zao rangi. Nami nikaanza kuandika, kwenye madaftari ya shule, saa ya chakula cha mchana, nimekaa juu ya marobota ya pamba.

Mama yako aliniuliza kwa nini naandika kwa Kiswahili, lugha ya wale askari waliotuibia. Nikamwambia ni lugha niliyosomea dini na kununulia samaki kabla wao hawajaja, na tena kila kitu kilichotokea kambini kilitokea kwa lugha hiyo. Wachapishaji wawili wa Kampala waliurudisha mswada. Mmoja hakuufungua hata kamba. Wa pili aliandika mistari mitatu kwamba Uganda hakuna msomaji wa Kiswahili. Siku ile nilitembea kutoka posta mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu, na niliyekutana naye mlangoni ulikuwa wewe, nikakufokea mpaka ukajificha chini ya kitanda. Nisamehe hilo pia. Nawe pia utakataliwa, maana huyu aliyekukubali sasa hatakukubali kila mara. Siku hiyo jihadhari usimmalizie hasira anayekutana nawe wa kwanza.

Aliyenikubali alikuwa Simiyu, Mkenya wa Bungoma, mlokole, aliyekuwa na duka la kuchapa pale Malukhu, mjini Mbale. Alichapa kadi za harusi na kalenda za makanisa. Kitabu alikuwa hajawahi. Aliusoma mswada wangu kwa siku mbili na kuniambia atauchapa hata kama atauuza mlango kwa mlango. Tulikaa mezani kwake siku sita. Alikata kurasa zangu zote za utoto, tukagombana karibu tushikane mashati, na alikuwa na haki. Sijawahi kufundishwa na mtu kama nilivyofundishwa na yule bwana mwenye vidole vyeusi kwa wino.

Siku ya tano tulifika kwenye ofisi ya Afande.

“Hapa umeandika, ‘Mwalimu alivunjwa mkono,’” Simiyu alisema. “Alivunjwa na nani?”

Nikamjibu kwamba alivunjwa na wao.

“Wao hawana mkono, Bwana Twaha. Kile chuma kilishikwa na mtu mmoja. Msomaji amekufuata mpaka mlangoni, usimzibe macho.”

Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimesikia kwamba Aluma alifia njiani akikimbilia Sudani. Mwalimu nilidhani ametupwa kwenye shimo lolote na wenzake. Maiti hawasomi vitabu. Nikaandika: na Koplo Aluma, mwenye kovu kidevuni. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umekwisha kuchangamka, nikaongeza kwamba Afande alimwambia basi naye hakusikia, akapiga mara nne. Simiyu alisoma, akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema sasa pamekaa vizuri. Hata mimi niliona pamekaa vizuri. Hicho ndicho kinachonitisha hadi leo katika kazi hii unayokwenda kuifanya. Sentensi ile ilikuwa bora kuliko nyingine zote kitabuni, na hakuna msomaji aliyeishtukia.

Siku vitabu vilipotoka nilikwenda Mbale mwenyewe kuvipokea. Simiyu alinikabidhi cha kwanza kikiwa bado kina joto la mashine, gundi haijakauka. Jina langu lilikuwa jekundu juu ya jalada la kijivu. Nilikitia mfukoni mwa shati nikatembea nacho wiki nzima, mpaka jasho likalipinda jalada. Imamu alinitaja msikitini. Meneja wa kiwanda, ambaye alikuwa hajui hata ninaitwaje, alinipa mkono. Wewe ulikuwa na miaka sita, na herufi zako za kwanza ulizijua kwa kufuatisha jina langu kwa kidole. Utayapata haya mwanangu, na ni matamu kweli, asikudanganye mtu. Yapokee. Mimi sijutii ile furaha. Najutia niliyoyafanya ili isiniponyoke.

Redio moja ya Mbale ilikisoma kwa vipande, na kipande walichokiomba watu kirudiwe ni kile cha mkono wa mwalimu. Nikaanza kualikwa kwenye kumbi na mashuleni. Wanawake ambao waume zao hawakurudi kutoka kambini walikuja mbele, wakaushika mkono wangu huu wa kulia kwa mikono yao yote miwili, wakalia. Niliwaacha waushike. Na kila niliposimulia kipande kile nilikiongezea kidogo. Nilimpa Aluma matusi ambayo hakuyatukana.

Sasa sikiliza. Aluma hakufa. Alikuwa amerudi, ameoa mwanamke wa Busiu, na alikuwa akitengeneza baiskeli pale pale Malukhu, mitaa mitatu kutoka duka la Simiyu. Watu walimwita Fundi. Kovu walikuwa wakiliona kila siku, ila halikuwa na maana kwao mpaka redio ilipowapa maana.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa sita. Nilikuwa nakwenda dukani kwa Simiyu kutia sahihi vitabu vya shule fulani, nikaona umati barabarani. Nilidhani wamekuja kunisubiri, nikanyoosha kola. Kufika karibu nikamwona Aluma amepigishwa magoti mbele ya kibanda chake, uso umefumuka, sikio moja limechanika na kulegea. Vijana wawili walikuwa wameushika mkono wake wa kulia wameulaza juu ya fuawe yake mwenyewe. Wa tatu alikuwa na nyundo. Wa nne alikuwa na kitabu changu, amekifungua, anasoma kwa sauti ya darasani. Akisoma sentensi, nyundo inashuka. Walikuwa wakifuata ukurasa ule kama mpishi anavyofuata maelekezo. Watu walihesabu moja, wakahesabu mbili.

Aluma aliinua kichwa akaniona.

“Karani,” alisema, wala sauti haikuwa kubwa. “Karani, ambia wao.”

Aliyeshika kitabu akanitambua, akanishika bega kwa heshima, akaniuliza, “Mzee, ndiye huyu?”

Nikasema, “Ndiye Aluma.”

Nilijiambia kwamba sikudanganya. Aliulizwa mtu, nikataja jina, na jina lilikuwa lake. Nyundo ilishuka mara ya tatu na ya nne, na baada ya ya nne hawakuacha, kwa sababu ukurasa ulikuwa umekwisha na hakukuwa na wa kuwaambia basi. Mtu akaleta panga. Aliyemwokoa ni Simiyu, mnene vile, mwenye kisukari. Alipenya katikati ya watu akamlalia Aluma kwa tumbo, akapigwa mgongoni mara mbili kabla hawajajua kuwa ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tano. Kalamu ya kutilia sahihi ilikuwa mfukoni mwangu.

Hospitalini walimkata mkono juu kidogo ya kifundo.

Baada ya siku tisa alikuja mgeni hapa nyumbani. Labda unamkumbuka. Ulimletea maji, akayapokea kwa mkono wa kushoto, ukamwambia kwamba kwetu tunapokea kwa wa kulia. Akacheka, akakuambia umelelewa vizuri. Yule ndiye Mwalimu Mafabi. Vita vilimkuta gerezani bado yu hai, akatolewa na Watanzania, akarudi Busiu kufundisha, akijizoeza kuandika ubaoni kwa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka ndani ya koti.

Ulipotoka akaniambia kwamba amekisoma kitabu na kwamba kimeandikwa vizuri. Akasema pia kwamba sasa anajua mimi ni mtoto wa nani, ameuliza, mama yangu alikuwa mtu wa kwao kabisa. Nilidhani anataka kunishtaki. Hakutaka. Alitaka niende kwenye redio ile ile niseme ni nani aliyeshika nondo.

“Mkono wangu nimeuzoea,” alisema. “Lakini yule amekatwa wa kwake kwa jina langu, na mimi sikumtuma mtu.”

Nikamwambia nina mke na mtoto, na watu wale wataniua. Akafikiri kidogo, akasema huenda wakaniua kweli. Hakunibembeleza zaidi. Alimaliza maji, akaaga, nikamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote. Alifariki miaka miwili baadaye kwa ugonjwa wa mapafu, nami sikwenda kuzika.

Simiyu naye aliniuliza kama ni mimi niliyeshika nondo, mara moja tu, na nilipoinamisha macho alifunga vitabu vilivyobaki kwenye maboksi, akavileta mpaka hapa kwa lori la rafiki yake, akavishusha barazani bila kuingia ndani. Nikavichoma vyote nyuma ya nyumba, mama yako nikamwambia vililiwa na mchwa. Nilijiona nimetubu. Kumbe nilikuwa nateketeza ushahidi. Nikaapa sitaandika tena, na watu wakanisifu kwa unyenyekevu.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha mwaka jana ukarudi kutoka Mbale umekikuta kimoja kwenye maktaba ya shule, umekinakili chote kwa mkono wako, una furaha kama umeokota dhahabu. Ukaniambia utakitumia. Ningeweza kukuzuia siku ile. Nilisema, vizuri.

Katika sura yako ya saba Aluma ana meno ya njano na anacheka anapopiga. Umeandika kwa ustadi mkubwa; nilimwona. Lakini Aluma hakuwahi kucheka, Zamzam. Alikuwa amechoka, na ndiye aliyenishika kiwiko.

Jumanne iliyopita sikwenda Kampala kama nilivyowaaga. Nilikwenda Busiu. Aluma ana shamba la mahindi na migomba nyuma ya senta, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilipomwambia nimekuja kusema, alinikatiza.

“Hapana ambia mimi,” alisema. “Mimi najua. Ambia hawa.”

Akawaita wanawe wanne na mke wake, akawaketisha ukumbini. Watoto wale wameishi miaka yote wakiitwa shuleni na sokoni watoto wa mvunja mikono. Nikaanza kutoka kwenye nondo, sikuruka kitu. Nilipofika pale niliposema ‘Ndiye Aluma,’ mwanawe mkubwa alisimama akanipiga ngumi ya jicho. Nikaanguka na kiti, akanipiga teke la mbavu, zile zile. Kwa hiyo jicho hili nililokuambia kwamba liligonga mlango wa gari, halikugonga mlango. Aluma hakuinuka. Alisema tu, “Wacha yeye. Hajamaliza.” Mke wake akasimamisha kiti, nikakaa, nikamaliza.

Hakuna aliyenisamehe, nami sikuomba. Nilipokuwa natoka Aluma alinisindikiza mpaka uani, akaniambia kwa Kiswahili chake kile kile, “Mimi nilipiga watu mingi. Hao nitajibu kwa Mungu mwenyewe. Lakini huyo mwalimu ni yako.”

Jumatatu nitazungumza kwenye redio kule Mbale. Wamekwisha kunipa saa. Sijui watu watanifanya nini baada ya hapo. Mama yako nilimwambia jana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akahamisha mto wake na mkeka wake wa kusalia, na tangu hapo hajasema nami. Ameniomba kwa ishara tu nikuache usafiri kwa amani. Katika hili sitamtii.

Sura ya saba ni yako. Unaweza kuitoa, na kitabu kitasimama bila hiyo, nimekisoma mara tatu. Unaweza kuibakiza na kuandika jina langu panapostahili, na ukifanya hivyo usinipunguzie pigo hata moja. Juu ya jalada wataandika Zamzam Twaha. Ukitaka kutumia jina la ukoo wa mama yako badala ya langu, waambie mapema kabla hawajachapa. Sitakuuliza sababu, wala sitaumia zaidi ya ninavyostahili. Nilitamani sana kuliona jina hilo. Nalisema tu ulijue, si ili likufunge.

Nilikuwa nimepanga kukupa karatasi hizi kesho dirishani, basi likianza kuondoka. Nimeona huo ungekuwa woga mwingine. Nakuja kukupa sasa hivi, na nitakaa hapo sebuleni mpaka umalize kusoma, ili ukiwa na swali, niwepo.

Baba yako,
Twaha